Kutia Chumvi

Video ya kwanza ilikuwa ya dakika arobaini na moja.
Baba, Bogumil Sroka, fundi wa Nowa Ruda,
mji ambao migodi yake ilifungwa kabla sijaota meno,
alifungua kinu cha kahawa cha marehemu mama yake,
skrubu moja moja, juu ya gazeti,
asiseme neno.
Dakika ya kumi na tatu akapuliza vidole, kwani gereji haina joto.
Dakika ya ishirini akanywa chai, yote,
mpaka majani yakabaki chini ya glasi.
Walitazama watu mia mbili na kumi na wawili.
Mmoja, wa Chile, aliuliza: mafuta gani hayo?
Baba alimjibu kwa aya tatu.

Kisha ikaja randa.
Tuliiokota mtoni, imeliwa na kutu hadi mbao zimeoza,
na kwa kuwa betri ilikuwa inakata roho
nilirekodi vipande tu, vifupi, vya kuhemea.
Watu milioni moja wakaja kuona kutu ikitoka.
Pesa zikafuata. Pesa kweli, sitadanganya:
paa, bili ya gesi, meno yangu mawili ya mbele.
Mkono mtupu haulambwi,
na wetu ulikuwa mtupu tangu nizaliwe.

Ndipo tukajifunza kusoma ule mstari wa buluu
unaoonyesha watazamaji wanakimbilia wapi.
Waliikimbia chai. Tukakata chai.
Walikimbia akipuliza vidole. Tukanunua glavu.
Baba ana kawaida ya kuimba puani akiwa kazini;
hilo nalo likaondoka, msasa ukabaki peke yake,
kwaru, kwaru, kwaru.
Kwenye kutu walitulia.
Kutu ikiwa nene, tangazo la magodoro liliingia mara mbili.

Lakini kutu nayo huisha.
Bi Halszka alileta kufuli zake zote,
padri akaleta bawaba za mlango wa kanisa,
na kufikia Novemba bonde zima liling'aa
kama sufuria ya bi harusi.
Ijumaa ikafika, siku ya kuweka video, na hakuna kibovu.

Mgema akisifiwa, mnajua atendalo.
Baba hakutia maji.
Nilimkuta chini, kwenye stoo ya makaa:
ndoo, siki lita sita, chumvi konzi kwa konzi,
na ndani yake mkasi wa fundi cherehani, mzima, wenye makali,
alioununua asubuhi hiyohiyo. Risiti ilikuwa bado mezani.
"Unapata umri," akasema, bila kunitazama.
Nikamshikia taa.

Tangu hapo tunazika patasi uani
na kuzifukua mbele ya kamera.
Nilimfundisha kushangaa: nyusi juu, mdomo wazi,
mara tisa, mpaka mshangao ukakaa.
Sasa nikimwekea supu mezani
nyusi hupanda zenyewe.

Juzi, ndani ya ndoo, niliona mpini ninaoujua.
Kinu cha bibi.
Maji yamekuwa rangi ya chai.
"Kitarudi," alisema. "Si mimi nitakayekirudisha?"
Na kitarudi. Mikono yake haijasahau kitu.
Kitarudi kwa dakika nane, na matangazo matatu.

Ile ya kwanza ninayo, haijakatwa.
Usiku huifungua, nikaruka mpaka dakika ya ishirini.
Anakunywa. Mvuke unapanda. Nje mbwa anabweka mara mbili, ananyamaza.
Chini yake kuna ujumbe mpya,
wa yule mtu wa Chile, baada ya miaka sita:
Mzee, kile kinu bado kinasaga?

Nimeandika ndiyo, nikafuta.
Nimeandika tena.